Upanga Unaodunga: Silaha ya Mchezo wa Kompyuta na Mtihani wa Tafsiri

Katika somo la tafsiri la mwaka wa pili tuliwapa wanafunzi wetu kazi ambayo baadhi ya walimu wenzetu waliiona ya kitoto: kufasiri kwa Kiswahili maelezo ya silaha zinazopatikana katika mchezo mmoja wa kompyuta. Waliozoea kufasiri hotuba na matangazo ya afya walitaka kujua upanga wa kubuni una faida gani kwa mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili. Tunadhani swali hilo linastahili jibu refu kidogo, na tumechagua silaha moja tu kati ya zile za orodha kwa sababu ndiyo iliyotutoa jasho zaidi. Ni ule upanga mwembamba wa Ulaya ambao Waingereza huuita rapier.

Kwanza mchezo wenyewe. Mnamo mwaka 1980 hivi vijana wawili wa Marekani, Michael Toy na Glenn Wichman, walitunga mchezo ulioitwa Rogue. Mchezaji alionyeshwa kwa alama ya @ kwenye kioo cha kompyuta, na maadui zake walikuwa herufi za alfabeti. Alishuka ngazi baada ya ngazi chini ya ardhi kuitafuta hirizi ya Yendor. Mambo mawili yaliupa mchezo huo sifa yake, nayo yameendelea katika ukoo mzima wa michezo iliyoufuata. La kwanza ni kwamba ramani ya mapango hupangwa upya kila unapoanza, kwa hiyo hakuna wa kukariri njia. La pili, ukifa umekufa: hakuna kurudi nyuma hatua tatu ukajaribu tena, unaanzia juu kabisa mikono mitupu.

Mchezo tuliowapa wanafunzi ni wa ukoo huo. Unaitwa Brogue, ulitungwa na Brian Walker na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Tuliuchagua kwa sababu za kiuchumi kabla ya zile za kitaaluma: hautozwi pesa, hauhitaji intaneti ukishawekwa kwenye mashine, unakubali kompyuta kuukuu kama zetu, na programu yake iko wazi kiasi kwamba mtu akitaka kubadilisha maandishi ya Kiingereza yawe ya lugha nyingine anaruhusiwa. Hirizi iko ngazi ya 26. Mchezaji huanza na alama 40 za uhai, nguvu 12, jambia dogo, vishale vya kurusha na vazi la ngozi. Vingine vingi ataviokota njiani, na mara nyingi hachagui atakachokiokota.

Sasa tuje kwenye upanga wetu. Katika mchezo huu unataka nguvu 15, na pigo lake la kawaida huondoa kati ya alama 3 na 11 za uhai wa adui. Ukiwa umesimama ubavuni mwa adui, unapiga haraka mara mbili ya silaha nyingine, lakini kila pigo ni dogo. Hadi hapo hakuna la ajabu. Ajabu iko katika kanuni moja: ikiwa kati yako na adui pana mraba mmoja mtupu, nawe ukapiga hatua moja kumwelekea moja kwa moja, upanga unatangulia mbele na kumdunga katika zamu hiyo hiyo. Pigo hilo huzidishwa mara 3, na kamwe halikosi.

Tuwaombe wasomaji wasome tena kanuni hiyo, kwa kuwa ndani yake hakuna kitufe cha kushambulia. Kutembea ndiko kushambulia. Mtu anayefikiri kwamba kazi ya upanga ni kumfikia adui na kumkata hataiona kabisa faida ya silaha hii, na hapo ndipo tafsiri ilipoharibika.

Wanafunzi wengi waliandika "upanga mwepesi" wakaridhika. Mmoja wao, binti makini ambaye hakuwahi kucheza michezo ya aina hii, alijitolea kuucheza akiwa na tafsiri ya mwenzake peke yake, bila kutazama Kiingereza. Ngazi ya 8 alikutana na zimwi. Zimwi la mchezo huu lina uhai 55, na kila rungu lake linapokupata linaondoka na alama kati ya 9 na 13. Binti alilikimbilia, akasimama ubavuni mwake, akalipiga na kulipiga. Alikuja ofisini siku iliyofuata na daftari lake. "Mwalimu," alisema, "nilifuata maelezo neno kwa neno, nikafa. Upanga huu una kasoro gani?"

Upanga haukuwa na kasoro. Wastani wa pigo lake ni alama 7, hivyo zimwi lenye uhai 55 linahitaji mapigo 8 yaliyolipata. Mdungo mmoja wa hatua huondoa kati ya 9 na 33, wastani wake 21, na baada yake yanabaki mapigo 5 tu. Tofauti ya mapigo 3 inaonekana ndogo hadi utakapokumbuka kwamba mapigo ya kawaida hukosa mara kwa mara, tena hukosa zaidi kwa mtu mwenye nguvu 12 aliyebeba silaha ya nguvu 15. Mdungo wa hatua haukosi hata kwa mnyonge. Kwa maneno mengine silaha hii humpa mtu dhaifu pigo moja la hakika, mradi ajue kusimama mbali kiasi kinachotakiwa. Maelezo aliyopewa binti yule yalimwambia kwamba upanga ni mwepesi na kwamba "unaweza kuruka kwa adui". Hayakumwambia asimame wapi.

Neno "mwepesi" lilikuwa mtego wa kwanza. Katika Kiswahili mwepesi ni yule asiye na uzito, na pia ni yule mwenye haraka: mwepesi wa kusahau, mwepesi wa hasira, mwepesi wa miguu. Mfasiri alikusudia maana ya pili, msomaji akachukua ya kwanza. Tena upanga wa kweli wa aina hii haukuwa mwepesi hivyo. Katika Ulaya ya karne za 16 na 17 bapa lake lilifikia mita moja na zaidi, na uzito wake ulikuwa kilo moja na ziada. Haukupungua sana uzito kuliko upanga wa vita wa mkono mmoja. Kilichopungua ni upana, na kilichoongezeka ni urefu. Wahispania waliuita espada ropera, yaani upanga wa mavazi, kwa sababu ulivaliwa na raia pamoja na nguo zake za kutembelea mjini. Ulikuwa silaha ya barabarani na ya ugomvi wa heshima kati ya watu wawili. Wapenzi wa Shakespeare wataukumbuka katika pambano la mwisho la Hamlet, ambako upanga huu na jambia ndizo silaha zilizotajwa.

Walimu wa upanga wa Italia ndio walioufanya kuwa elimu. Camillo Agrippa, aliyekuwa mhandisi, alichapisha kitabu chake mwaka 1553 akichora duara na pembe kuonyesha kwamba ncha inayokwenda kwa mstari ulionyooka hufika kabla ya makali yanayozunguka. Ridolfo Capo Ferro alitoa kitabu cha michoro mwaka 1610 ambacho ndani yake mpiganaji ameunyoosha mkono, mguu wa mbele umetupwa mbali, goti limekunjwa, mwili mzima umekuwa kama mshale. Walimu hao walihubiri mambo mawili kuliko yote: umbali na wakati. Jua uko mbali kiasi gani na adui, na jua ni lini atapiga hatua. Brogue imeyachukua mambo hayo mawili ikayageuza kuwa miraba na zamu.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo utamu wa mchezo ulipo. Tuseme zimwi liko mbali nawe kwa miraba 4 mitupu, na mwendo wenu ni sawa. Ukitulia ulipo ukapitisha zamu, linapiga hatua moja na kubaki miraba 3. Ukitulia tena, 2. Ukitulia tena, 1. Sasa ni zamu yako na mraba ni mmoja: piga hatua, udunge. Lakini ukilikimbilia, kila zamu miraba inapungua 2, mmoja wako na mmoja wake. Kutoka 4 mnafika 2, na kutoka 2 mnajikuta uso kwa uso, nafasi ya mdungo imepita. Ukilikimbilia kutoka miraba 3 au 5 utafanikiwa, kutoka 2 au 4 utashindwa. Anayengoja hana haja ya kujua kama idadi ni shufwa au witiri. Wazee wetu walikwisha kusema mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Wanafunzi wanaocheza bao waliielewa kanuni hii kabla ya wenzao. Mchezaji wa bao huhesabu kete zitaishia wapi kabla hajazinyanyua, na hesabu ya miraba si tofauti sana. Mmoja wao aliuliza swali zuri: je, adui mwenye mbio? Mbweha wa mchezo huu hukimbia miraba miwili kwa zamu moja. Ukimngoja kutoka miraba 4 anakuja 2, kisha yuko shingoni mwako. Kwake yeye hesabu inageuka: idadi ikiwa witiri ngoja, ikiwa shufwa sogea au rudi mraba mmoja kwanza. Goblini mwenye uhai 15 mara nyingi huanguka kwa mdungo mmoja, ila goblini kwa kawaida hatembei peke yake, na upanga huu ukishamdunga wa kwanza hauna cha ziada kwa watatu wanaokuzunguka. Dhidi ya mpiga mishale ambaye hana nia ya kukusogelea, kungoja hakusaidii hata kidogo.

Turudi kwenye lugha. Tulipokaa darasani kutafuta jina, pendekezo la kwanza lilikuwa "kitara". Lilitoka kwa wanafunzi wanaozungumza Kiganda, na sababu yake ilikuwa wazi: kwao ekitala ni upanga, upanga wowote. Katika Kiswahili kitara ni upanga uliopinda, wa kukatia, ambao ni kinyume kabisa cha huu wetu ulionyooka. Tulilikataa, ingawa tulilitumia somo hilo kuonyesha jinsi maneno ya jamii moja yanavyoweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa mipaka ya maana. Wengine walitaja "sime", lakini sime ni fupi na pana. "Jambia" tayari mchezo unalihitaji kwa silaha ile ya kuanzia, ambayo ina kanuni yake yenyewe: ukimvizia adui aliyelala, silaha nyingine huzidisha pigo mara 3, jambia mara 5. Mwanafunzi mmoja aliposikia hivyo alimkumbuka Fumo Liyongo, anayesimuliwa kuwa alichomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe akiwa usingizini. Kumbukumbu hiyo ilitufaa baadaye.

Hata neno "upanga" lenyewe lina kazi hapa nchini. Upanga, katika ngeli ya U-ZI, wingi wake ni panga: upanga huu, panga hizi. Panga la kufyekea, katika ngeli ya LI-YA, wingi wake ni mapanga: panga hili, mapanga haya. Mwanafunzi wa Dar es Salaam hasiti sana kati ya hayo mawili. Wa kwetu, ambaye panga la shambani amelijua tangu utotoni na upanga ameusoma kwenye Biblia au Kurani, akikuta "panga" katika orodha ya vitu alivyookota anaona chombo cha kufyekea migomba. Tulikubaliana kwamba orodha itumie umoja tu, na kwamba kila jina liambatane na kivumishi au kionyeshi kinachoidhihirisha ngeli. Jambo dogo, lakini lilituchukua kipindi kizima.

Wareno walikuwa pwani ya Afrika Mashariki katika enzi hasa za upanga huu. Walianza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593 na wakaipoteza mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso, na gereza, neno ambalo kwao lilikuwa kanisa. Jina la upanga wao halikubaki nasi. Kwa hiyo hatukuwa na la kurithi, ilibidi tuunde.

Uundaji wa istilahi mara nyingi huanza na nomino: kitu hiki kinaitwaje? Sisi tuliona afadhali kuanza na kitenzi. Silaha hii hufanya nini? Haikati, haikatikati, haifyeki. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuingiza ncha mwilini, na kila kimoja kina mzigo wake. Kufuma ni kupiga kwa mkuki au mshale, na wanafunzi wetu walikipenda kwa kuwa kinakaribiana na okufumita cha Kiganda. Lakini kufuma ni pia kazi ya uzi na sindano, na "upanga wa kufuma" ulileta kicheko. Kuchoma kilikuwa na nguvu zaidi, na mwenzetu mmoja aliyesomea Zanzibar alikitetea kwa bidii: mtu huchomwa kisu, huchomwa sindano, na Liyongo alichomwa. Tunakubali. Tatizo ni kwamba nyama nayo huchomwa, na katika ulimwengu wa njozi kuna panga zinazowaka moto kweli. Mchezaji aliyeokota "upanga wa kuchoma" atakuwa na haki ya kutegemea ndimi za moto, na katika mchezo ambao kifo ni cha mara moja hatuna ruhusa ya kumpa tegemeo la uongo.

Kikabaki kudunga. Hakina moto ndani yake. Ni kitenzi cha sindano, cha mwiba na cha sikio linalotogwa, chenye ncha na si makali, na kinajulikana vizuri katika Kiswahili kinachosikika upande wetu na Kenya. Tukapata upanga wa kudunga. Kwa lile pigo maalumu palikuwa na mapendekezo ya "mruko", "mchupo" na "shambulio la ghafla". Yote yalikosa kitu kile kile alichokikosa binti wa zimwi: hatua. Mruko unamwambia mchezaji kwamba anaweza kuvuka nafasi yoyote. Tuliandika "mdungo wa hatua", na katika maelezo tukaongeza sentensi ambayo haipo kwa sura hiyo katika Kiingereza:

"Simama ukiacha mraba mmoja mtupu kati yako na adui. Piga hatua kumwelekea, na upanga utamdunga bila kukosa, kwa pigo mara 3 ya kawaida. Akiwa ubavuni mwako, hakuna mdungo."

Sentensi ya mwisho ilizusha ubishi. Mwenzetu anayefundisha nadharia za tafsiri aliona tumevuka mpaka, kwamba mfasiri si mwalimu wa mchezo. Sisi tunaona vinginevyo. Maelezo ya silaha katika mchezo wa aina hii ni sawa na karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa: msomaji hasomi ili afurahie, anasoma ili atende. Ikiwa lugha chanzi inaweza kuacha jambo likafahamika kwa sababu wasomaji wake wamekwisha kuona upanga huo katika filamu mia, na wasomaji wa lugha pokezi hawajauona hata katika moja, kulitaja waziwazi ni sehemu ya uaminifu wa tafsiri. Mwenzetu hajakubali, na amesema atajibu katika toleo lijalo.

Binti yule aliucheza tena akiwa na maelezo mapya. Si mchezo ule ule, kwani mapango yalikwisha kupangwa upya, na upanga wa kudunga aliupata ngazi ya 5. Zimwi la kwanza alilingoja akiwa mlangoni, huku akihesabu miraba kwa sauti kiasi cha kuwaudhi waliokuwa wakisoma jirani. Alifika ngazi ya 13. Huko aliuawa na kitu kingine kabisa, ambacho maelezo yake bado yako kwa Kiingereza.

Silaha inayofuata katika orodha ni lile tufe la chuma lenye miiba linaloning'inia kwenye mnyororo. Nalo hupiga kwa mwendo wa miguu: ukitoka mraba unaopakana na adui ukaingia mwingine unaopakana naye vile vile, unampiga bila kupoteza zamu. Wanafunzi wameleta majina matatu, mawili kati yake yakiwa na neno "rungu", na kitenzi bado hakijapatikana.